Kaka Sudi, Umegoma Uingereza

Kaka yangu Sudi,

Picha yako imefika. Umesimama mbele ya geti la shule unayofundisha huko Uingereza, koti zito hadi magotini, bango mkononi, unacheka meno yote nje. Chini yake umeandika: "Mdogo wangu, leo walimu wote tumegoma. Waonyeshe wazee wa Fordsburg." Nimewaonyesha. Ijumaa baada ya swala nilipita mkahawani kwao Fordsburg, nikaiweka simu mezani, ikazunguka mkono kwa mkono. Wakapiga makofi. Mzee Kombo akasema, "Huyo ndiye Sudi wetu, hajabadilika." Nikachukua simu yangu nikaondoka bila kuonja chai, maana ningebaki ningemmwagia mtu.

Hajabadilika! Wewe?

Unaukumbuka vizuri mkahawa ule, ulikuwa mfalme wake. Sisi wageni hapa Johannesburg hatuna kura, na kura ya nyumbani iko mbali, basi ninyi wanaume wa Tanga na Dar mkaamua kugombania siasa za Waingereza mlizoziona kwenye televisheni ya ukutani. Mkajigawa mezani, huku wahafidhina, huku chama cha wafanyakazi, na Mzee Kombo katikati akihama upande kufuata sahani ya sambusa. Mwaka ule Waingereza walipopiga kura ya kujitoa Ulaya nusura mshikane mashati. Mimi na Zuhura wangu tulikuja kukuchukua tukakukuta umesimama juu ya kiti, unawatetea madaktari wa huko waliogoma, mate yanaruka. "Anayegoma hamwibii mtu!" ulipiga kelele. "Anadai chake!" Zuhura alikuwa na miaka kumi na miwili, na kila ukimsemesha Kiswahili anakujibu Kiingereza, lakini maneno yale aliyashika hivyo hivyo ulivyoyasema. Akawa anayarudia nyumbani kwetu Malvern huku anaosha vyombo. Nilifurahi, Kaka. Nilijiona nina kaka.

Kisha tukagoma sisi.

Unajua tulichodai. Sisi wanawake wa usafi wa shule ile ya serikali, shule anayosoma Zuhura mwenyewe, tulitaka kuajiriwa na shule kama wafanyakazi wengine, si na kampuni iliyotuleta asubuhi na kutusahau jioni. Mgeni nilikuwa mimi peke yangu. Ma Lindiwe, aliyenifundisha kazi na Kizulu changu chote, hakuniuliza habari za vibali. Alinishika mkono akanivuta kwenye mstari, tukaimba pale getini hadi sauti zikakauka.

Nilidhani utakuja na kiti chako.

Ulikuja, ndiyo. Ulinivuta pembeni ukasema kwa Kiswahili ili wenzangu wasielewe: "Sisi wageni hatugomi, Mwanaidi. Zuhura halipiwi ada hapa kwa sababu ya kazi yako. Akifukuzwa utampeleka wapi? Ingia ndani." Nikakataa. Ukaondoka, nikamshukuru Mungu kwamba yameishia hapo. Kumbe umekwenda nyumbani kuchukua koti langu la kazi, lile la bluu lenye jina langu kifuani. Ukarudi umelivaa, mikono imeishia kwenye viwiko, ukapita katikati yetu. Msimamizi wa kampuni, ambaye asubuhi hiyo angempokea yeyote mwenye mikono miwili, akakufungulia geti mwenyewe. Ukaingia ukashika ufagio wangu. Watoto walikuwa wamejaa madirishani, na Zuhura alikuwa mmoja wao.

"Igundwane!" wenzangu walipiga kelele. Panya. Ndivyo wanavyomwita hapa anayeingia kazini wenzake wakiwa nje. Halafu wakanigeukia mimi, kwa sababu jina la kifuani lilikuwa langu. Ma Lindiwe akaniuliza, "Umemtuma kaka yako?" Nikamwambia sikumtuma. Akasogea mwisho wa mstari, na tangu siku ile hajanishika mkono tena.

Ulifagia mpaka mgomo ukaisha. Ijumaa iliyofuata ukaenda zako Fordsburg, ukapanda juu ya kiti, ukawatetea wafanyakazi wa reli wa Uingereza. Niliambiwa ulisema vizuri sana. Nami nilirudi kazini na koti nililolikuta umelifua, umelipiga pasi na kulitundika mlangoni kama zawadi ya Idi. Huu mwaka wa tatu nakula chakula cha mchana peke yangu, nyuma ya chumba cha ndoo.

Najua utakachojibu. Utasema uliogopa kwa ajili ya Zuhura, na mimi naamini. Hata mimi niliogopa. Lakini nilikuwa nimeshaamua kusimama na woga wangu pale pale getini, nawe ukanipokonya hata huo uamuzi. Ungekuwa na haki, ungewasimulia wazee wako siku ile ile. Hukuwasimulia. Ulijua ni aibu, ukanivisha mimi.

Kisha ukapata kazi huko Uingereza, ukaondoka, na sasa unataka nikupe Zuhura. Aje amalizie shule huko, akae kwako, shule za huko ndizo shule. Nilimwuliza mwenyewe nikiwa namsuka. Sitakudanganya, macho yalimwaka. Anataka kwenda, na anaweza, ana akili kuliko mimi na wewe. Nikampa ile picha yako. Aliishika mpaka nikamaliza kichwa kizima, kisha akasema kwa kile Kiswahili chake cha kuokoteza: "Eish, Mama. Mjomba huko anagoma, sharp, safi kabisa. Hapa kwetu Mjomba ni igundwane. Mimi nitaenda kukaa na yupi?"

Jibu unalo wewe.

Basi Kaka, nafanya kama ulivyotufundisha. Tumegoma, mimi na Zuhura. Usipige simu, hatupokei. Zuhura haji huko, na ukitaka kunilaumu kwamba nachezea masomo ya mtoto, kalisome kwanza bango lako. Dai letu ni moja tu. Ijumaa ijayo baada ya swala, mpigie Mzee Kombo. Simu itawekwa katikati ya meza, sauti juu, na wewe utawasimulia habari ya lile koti, tangu ulipolitoa nyumbani hadi ulipolitundika mlangoni. Usiweke hotuba.

Mimi nitakuwepo. Nimemwomba Ma Lindiwe aje, na amekubali. Zuhura atakaa kati yetu amfasirie kwa Kizulu neno kwa neno, kwa hiyo sema polepole.

Ni mimi mdogo wako, ambaye sikukutuma,

Mwanaidi