Kwa Mama Wanjeri, Aliyetushonea Sote

Mwaka mmoja umetimia, Mama, tangu tukulaze kwenye shamba letu la Kisaju. Tulidhani hofu ingeisha tukishakuzika. Haikuisha. Ni mimi Nyakio, kifungua mimba wako, ninayekuandikia kwa niaba ya Baba na wote wa nyumba ya Kitengela.

Ukiwa hai hatukuzoea nguo za dukani. Baba alivaa mashati yako kazini na kanisani. Sisi tulivaa marinda yako, na sweta ulizotufumia kabla ya baridi ya Julai, mikono mirefu kupita kiasi ili tuikunje sasa na kuikunjua tukikua. "Mtumba inajua mwili wa mtu mwingine," ulizoea kusema. "Yangu inakujua wewe." Ukishona ulibana pini kwa midomo, kwa hivyo tulizoea kujibiwa "mm", na tulijua mm ya ndiyo na mm ya hapana.

Jirani yetu Kakenya alipokuja kujifunza kufuma, ulimsalimu kwa Kimaasai, "Takwenya," naye akajibu "Iko" huku akicheka jinsi ulivyoitamka. Sweta yake ya kwanza ilitoka na shingo isiyopitisha kichwa cha mtu. Hukumwambia ni mbaya. Mlimvisha mwanambuzi wake aliyezaliwa wakati wa mvua, na mwanambuzi akapona.

Kisha ukaanza kukonda, na hakuna aliyeona, kwa sababu kila gauni lilikukaa sawasawa. Jumamosi moja mchana Baba alikuwa akikupigia pasi gauni la kanisa. Akaligeuza nje ndani, akakuta mshono juu ya mshono, na kitambaa kimekunjwa pembeni hadi kikawa kinene kama mkanda. Tulikuwa jikoni. Tukamsikia.

"Wanjeri, hii nguo umeipunguza mara ngapi?"

"Kitambaa kilikuwa kikubwa."

"Mara ngapi?"

Baba alitusimulia baadaye kwamba ulikaa kitandani, ukafungua vifungo, ukamwonyesha titi lako. Ulimwambia, "Nilimuuguza Gathoni. Najua hii kitu inavyoenda." Gathoni, dada yako, alikufa kwa saratani hiyo hiyo, mikononi mwako. "Nikienda hospitali wataitaja," ukasema. "Wakishaitaja, nitaishije nayo hapa nyumbani?"

Ulienda, kwa sababu Baba alikuomba. Tayari ilikuwa imefika kwenye mapafu. Ulituaga ukiwa kwa kitanda chako, mkono wako umeshikwa na Baba, na hata siku hiyo ulitukazia macho mimi na Caro, mmoja baada ya mwingine, kama mtu anayetaka kuuliza jambo lakini anaogopa jibu.

Caro, kitinda mimba wako, ndiye aliyerithi cherehani. Mvua zilipoanza mwaka huu, asubuhi moja, Baba alimkuta anaweka pini kwenye kiuno cha sketi yake mwenyewe. Akasimama mlangoni.

"Caro, unapunguza nini?"

"Sketi tu, Baba. Inanilegea."

"Weka hizo pini chini. Niangalie."

Caro akaanza kulia. Alikuwa amegusa uvimbe kwenye titi, na tangu siku hiyo chakula kilikuwa hakipiti kooni. "Sikutaka kuwaambia," alisema. "Bado mnamlilia Mama."

Mama, siku hiyo Baba aliifunika cherehani kwa shuka, kana kwamba ndiyo iliyotuletea balaa. Mimi nilijifungia bafuni ili nijipapase, na mkono ukakataa kuinuka. Nilikaa humo hadi Caro akanigongea mlango.

Tulimpeleka hospitali Kajiado, wakamdunga sindano na kutoa kipande cha nyama cha kupima. Siku ya majibu Kakenya alikuja na uzi na sindano zake, akasema atatufumia woga wote uishe. Alikaa kando ya Caro kwenye benchi, na tulipoitwa alikuwa hajafuma hata mstari mmoja.

Sista Nzula, muuguzi wa pale, alitukalisha wote na kuvuta kiti chake karibu na cha Caro. "Ni saratani," alisema polepole. "Ni ndogo. Haijatoka pale ilipo. Umekuja mapema."

"Haijatoka?" Baba aliuliza.

"Haijatoka, Mzee."

Akauliza tena, na tena, na Sista akamjibu kila mara kwa upole uleule. Ni Caro aliyemkatiza. "Baba, wacha. Nimesikia." Kisha akamuuliza Sista, "Naanza lini?"

Amefanyiwa upasuaji, na sasa yuko kwa dawa. Zingine zinamlaza siku nzima. Mimi pia nimepimwa, na hawakupata kitu. Wameniambia nirudi kila mwaka. Lakini tusikudanganye. Simu ya hospitali ikilia, hakuna anayetaka kuishika. Tukimwona Caro amelala mchana tunasimama kusikiliza kama anapumua. Baba huamka alfajiri na jambo la kwanza ni kumuuliza kama amekula.

Jana nilimsomea Caro maandishi haya kabla ya kuyapeleka gazetini. Alisikiliza macho yakiwa kwenye dirisha, kisha akasema, "Ongeza kitu. Andika kwamba niliogopa kama Mama, na nikaenda. Kuna msichana fulani atasoma."

Nimeandika, Mama.

Unakumbukwa na mume wako Muturi. Watoto wako Nyakio, Ndung'u na Caro. Mkwe wako Gakuru. Mjukuu unayeitana naye, Wanjeri mdogo. Na rafiki yako Kakenya pamoja na jamii yake.

Hatutakusahau, Mama, leo na siku zote zilizobaki.