Choo cha Zamani Kilichofunga Chetu

Nyumba ya mwisho, uchochoro wa nyuma ya soko,
Jumapili mchana, watoto wamelala.

Mpendwa Dada,

Najua umenuna. Tangu barua yako ifike, kila nikishika kalamu mmoja analia, na nikimnyamazisha huyo, mwenzake anaamka kuuliza nani alikuwa analia. Nisamehe, na yaishe.

U hali gani? Mgongo umeacha kukusumbua? Na shemeji, bado anakoroma mpaka majirani wanagonga ukuta? Sisi ni wazima, ila usingizi ndio umetuhama.

Sasa habari yenyewe. Mtaani kwetu wanabadilisha mabomba ya majitaka. Bomba la zamani liling'olewa, choo chetu kikafungwa, na fundi mkuu akaniapia, "Mama, kesho kutwa unatumia." Nikamwamini. Kumbe huku mji wa zamani hairuhusiwi kuchimba bila mtaalamu wa mambo ya kale kusimama pale akitazama udongo. Akiinua mkono, mashine inazimwa. Huyu wetu anatembea na brashi ya kupangusia mfukoni, na vijana wa kuchimba wanamwita Bwana Brashi.

Bwana Brashi akainua mkono mbele ya mlango wangu.

Lilionekana shimo la duara, limejengewa mawe vizuri. Tukajaa ukingoni mtaa mzima, tunangoja dhahabu. Akashuka, akapiga magoti, akapangusa, akanusa (Dada, akanusa!), akapanda juu anameremeta kama bwana harusi.

"Ni choo!" akasema. "Choo cha mamia ya miaka, na bado kizima!"

Mama mkwe akamjibu, "Hongera. Na chetu?"

Chetu kikangoja. Choo kisicho na mwenyewe kikapewa turubai, kamba na mlinzi. Sisi wenye matumbo yanayofanya kazi tukahamia kwa jirani, yule uliyekuwa ukimwita Bibi Goti. Choo anacho, lakini ufunguo hakupi mpaka umsalimie, ukae, umsikilize habari za goti lake tangu lilipoanza kuuma. Ukimkatiza anaanza upya. Mkubwa wangu ndiyo kwanza ameacha nepi, na zaidi ya mara moja hakufika mwisho wa goti.

Mama mkwe uvumilivu ukamwisha, akafunga mabegi. "Ijumaa naondoka. Nitarudi mkiwa na choo." Na akiondoka, Dada, nani atanishikia mtoto niende kazini?

Nikamwendea Bwana Brashi kwa upole, mtoto mgongoni, nikamwomba bomba lizungushwe kando ya shimo lake. Akasema lazima kwanza achore kila jiwe, na kazi yake haitaki haraka. Sikumtukana. Nilichofanya, kila asubuhi nikawa namkalisha mwanangu kwenye poti kando ya meza yake ya michoro, namwimbia mpaka amalize.

Basi Alhamisi chai ya kibandani ikamgeukia tumboni. Namwona anakuja mbio, brashi imeanguka njiani, anagonga mlango wangu.

"Mama, samahani, naomba choo."

"Choo kipi? Changu umekifunga, chako kina turubai."

Nikamwelekeza kwa Bibi Goti. Tukasikia dirishani, "Karibu mwanangu, kaa kwanza. Unauona huu mguu wa kushoto?" Mama mkwe alicheka mpaka akakalia begi lake mwenyewe.

Aliporudi alikwenda moja kwa moja kwenye meza yake ya michoro. Jioni ileile michoro ilikwisha, na yeye na fundi mkuu wakakubaliana bomba lizunguke, lipite kando ya jiko letu. Ijumaa choo kikafunguliwa. Mama mkwe aliingia wa kwanza, akakaa humo kwa raha tu, mpaka tukagonga. Alipotoka akafungua mabegi.

Nisalimie shemeji, mjomba na wanawe, na umbusu mpwa wangu kwenye paji la uso hata kama siku hizi anajiona mkubwa. Mungu akuondolee maumivu na akulete kwetu ungali na nguvu za kunigombeza.

Mdogo wako anayekupenda hata anapochelewa.

Nisisahau, bado nahitaji hivi: nepi za usiku za mdogo, saizi ya kati, viatu vya mkubwa, visiwe vya kamba, sina muda wa kufunga, dawa ya kuchua goti, chupa kubwa, jirani anastahili, na ndoo yenye mfuniko unaobana. Jana Bwana Brashi alikuja kutuaga, akainama akatazama sakafu ya jikoni kwangu, akachomoa brashi mfukoni, akatabasamu.