Ruhusa ya Mtoto wa Pili

Savai'i, Jumatatu

Dada yangu Telesia,

Pokea salamu zangu na za wote wanaolala chini ya paa hili. Hujambo wewe na shemeji? Baridi ya Auckland imepungua, au bado mnalala na soksi? Sisi tuko salama kwa upande wetu. Mama anakula vizuri na kulalamika vizuri, na kile kitambaa ulichomtumia hataki mtu akiguse.

Ruhusa ya Fiasili uliyotia saini ilifika, asante. Fundi Tavita siku hizi hamchori mapajani wino wa malu binti wa chini ya miaka kumi na minane bila karatasi ya mzazi, tangu baba mmoja aliyetoka ng'ambo amkoromee mbele ya kanisa zima. Kusema kweli nilikasirika kidogo. Mtoto nimemlea mimi tangu akiwa mchanga, nimemwogesha, nimemchapa, halafu mzee ananiambia saini yangu haitoshi, anataka ya aliyemzaa. Lakini ndiyo masharti yake.

Sasa nakuomba karatasi nyingine. Si kwamba ya kwanza imepotea. Nisome polepole, na usinipigie simu juu ya jambo hili, maana nyumba yetu haina kuta na Mama ana masikio.

Unajua kwetu mtu hachorwi malu peke yake. Lazima awe na mwenzake wa kulala naye mkekani, wagawane maumivu. Mwenzake Fiasili alikuwa awe Sulu, binti wa jirani yetu Peniamina, lakini Peniamina alikataa kutia saini. Eti binti yake atachorwa siku akiwa na mume wa kumbembeleza. Nilidhani Fiasili atalia. Aliniambia tu kwamba mwenzake amepatikana, nisihangaike.

Fundi alipokuja na vitana vyake vya mifupa vya kuchanjia, Fiasili alikuwa amekaa juu ya kaburi la Babu, pale mbele ya nyumba. Mzee akatandika mkeka, akaniuliza karatasi ya mtoto wa pili iko wapi. Nikamuuliza mtoto yupi. Akacheka.

“Huyo aliyejificha nyuma ya mwenzake. Anaona haya, mwache. Ila kesho nataka saini ya mama yake.”

Nikajua ni Sulu, ametoroka kwao. Sikugeuka hata kumtazama, nisije nikaulizwa baadaye kama nilimwona. Moyoni nilifurahi kwamba Peniamina amezidiwa ujanja. Basi kazi ikaanza, wanawake wakaimba, na Fiasili hakutoa sauti. Mkono wake wa kushoto ulikuwa umefumbwa muda wote, kama umeshikwa.

Kesho yake Peniamina akapita na Sulu, mizigo kichwani, wanatoka kwenye meli. Walikuwa mjini Apia wiki nzima kwa shangazi yake Sulu. Telesia, basi aliyejificha hakuwa Sulu.

Nikaenda kumfunua Fiasili. Paja la kulia lilikuwa limechorwa vizuri, mistari imenyooka. La kushoto, ambalo niliona kwa macho yangu likitoka damu, lilikuwa laini kabisa, bila wino wala kidonda. Fundi akalichora upya, mchana kweupe, sote tukitazama. Asubuhi wino ulikuwa umekwenda. Mzee akaosha vifaa vyake, akaniita pembeni, na safari hii hakucheka.

“Yule mwingine anachukua sehemu yake kabla sijampa,” aliniambia. “Anachorwa bila ruhusa. Mimi siendelei mpaka mama yake aandike.”

Malu iliyoachwa katikati ni aibu ya mtu mpaka kaburini, wewe unajua. Juu ya hayo, homa imemshika mtoto. Hatumwachi peke yake, kama ilivyo desturi, ingawa mwenyewe anasema hayuko peke yake hata tukitoka.

Dada, sijamwambia Fiasili kwamba uliwazaa wawili. Ulituapisha, na nimekaa na kiapo hicho. Mama alimzika yule mwenzake kando ya Babu, bila jiwe, hajavuta hata pumzi moja, nawe ukapanda ndege kabla nyasi hazijaota pale. Sikulaumu. Ulikuwa msichana mdogo na Baba hakuwa akisema nawe. Nilichofanya ni kumuuliza Fiasili mwenzake ni nani. Akanijibu kana kwamba nimemuuliza habari za shamba.

“Hana jina, mama. Ndiyo maana hawezi kuingia ndani.”

Nikajaribu ujanja. Niliandika ruhusa ya pili kwa jina lako, nikaisoma kwa sauti pale kaburini, Fiasili akiwa ameniegemea. Alisikiliza kidogo upande wa pili, kisha akanishika bega kwa upole.

“Anashukuru. Lakini anasema wewe ni mama yangu mimi. Wake yuko Auckland.”

Nililia, dada, na sijui nilikuwa namlilia nani.

Hili la mwisho hata Mama hajui. Tangu juzi Fiasili anasema jina lisipokuja atampa mwenzake la kwake. Nilimkemea, nikadhani ni homa. Leo mchana nilikuwa namkanda mguu kwa mafuta ya nazi, Mama akamwita kutoka jikoni, “Fiasili, chakula.” Mtoto alikuwa mbele yangu, amefumba midomo. Sauti yake ikaitika kutoka kaburini, “Abee, Bibi.” Mama, ambaye macho yake siku hizi hayaoni mbali, akasema, “Haya, ingia basi.”

Tangu saa hiyo Fiasili wangu anafungua kinywa na hakitoki kitu.

Andika leo, nakusihi. Andika jina lolote, lakini liwe lake peke yake, na uandike kwamba wewe ndiye mama yake. Ukimruhusu achorwe ataridhika, ukimkataza atakutii. Mimi hanisikii.

Msalimie shemeji, ambaye najua hukumwambia. Mama anakuombea. Fiasili anakusalimu kwa kichwa. Yupo pia anayekusalimu kwa sauti, tena yuko karibu nami ninapoandika, lakini salamu zake sitaziandika mpaka umpe jina.

Mdogo wako akupendaye,
Sieni