Kadi Iliyorudi Madison

Madison, 8 Desemba 2018

Baba mpendwa,

Salamu nyingi kutoka kwetu sote. Goti lako linaendeleaje na baridi hii? Sisi hatujambo, ila Joel anakohoa tangu theluji ilipoanza.

Kadi yetu imerudi leo. Uliifungua, ukaisoma, ukaifunga tena kwa utepe wa gundi, kisha ukaandika juu yake "Irudi kwa mtumaji" kwa ile kalamu yako nene ya kuandikia masanduku. Picha ya wajukuu wako imo humo ndani, Baba! Tumekukosea nini?

Mwanao,
Maren

Alder Falls, 12 Desemba

Mwanangu Maren,

Barua yako imenikuta mzima. Goti ni lile lile. Mpe mumeo pole, anywe chai ya moto na asali.

Kosa unalijua. Kadi imeandikwa "Sikukuu Njema." Sikukuu ipi? Haina jina? Mkahawani tunalizungumza kila asubuhi. Rafiki yangu Harlan akasema, "Jina la Krismasi watalitoa dukani, watalitoa shuleni, mwisho watalitoa nyumbani kwako, Orville." Nikamjibu, "Kwangu? Wathubutu!" Siku hiyo hiyo nikakuta kadi yako. Niliona aibu, Maren. Hii ni Krismasi ya kwanza tangu tumzike mama yako, na binti yake mwenyewe anashindwa kuitaja.

Baba yako

Madison, 16 Desemba

Baba,

Natumaini u mzima.

Kadi ile tumewatumia watu wote: mama mkwe wangu, ambaye unajua ni Myahudi, wenzangu wa kazini, na wewe. Hakuna niliyemkana.

Unadhani nimesahau? Naikumbuka meza ya jikoni, Mama akiandika, wewe ukilamba bahasha na kulalamika gundi ni chungu, mimi nikibandika stempu zikienda upande. Nakumbuka kadi zilivyozunguka mlango wa jikoni mpaka rangi ya mbao haionekani, na Mama kusahau mikate yake ya lefse jikoni ikaungua kwa sababu anasoma barua ya mtu. Mwaka huu natamani kuwa hapo kuliko mwaka wowote. Lakini siwezi kuwaleta wanangu wapite kwenye mlango uliofukuza picha yao. Ukisema tuje na kadi yetu, tutakuja.

Maren

Alder Falls, 3 Januari 2019

Mwanangu mpenzi Maren,

Hamjambo? Watoto je? Kikohozi cha Joel kimekwisha? Mimi mwili mzima, moyo ndio unauma.

Sikukujibu kwa sababu ya kiburi tu. Krismasi nimekula supu ya kopo, peke yangu. Jana nikasema niwashukuru waliotuma kadi, nikalitoa daftari la mama yako la majina. Sikuwahi kulifungua maishani. Kazi yangu ilikuwa kulamba. Kando ya jina la Feldman, yule daktari wa meno Myahudi, ameandika: "Ile kadi ya ndege kwenye theluji. Sikukuu Njema. Orville asione."

Ni ya mwaka 1977! Nikafungua kurasa nyingine. Mwalimu Siddiqui, vivyo hivyo. Hata dada yake Harlan, aliyeacha kanisa: "Sikukuu Njema. Orville asione." Watu kumi na mmoja. Miaka arobaini na mmoja, mwanangu, bahasha hizo nimezifunga kwa ulimi wangu mwenyewe, na mama yako kakaa mbele yangu ananitazama na kutabasamu. Nilicheka mpaka goti likaniuma, kisha nikalia. Harlan sijamwambia.

Nisamehe. Nilidhani nailinda Krismasi ya mama yako, kumbe sikuijua.

Mlangoni kuna kadi saba tu. Mama yako hakuwa akizibandua kadi kabla ya tarehe kumi na tatu Januari, na mimi sitazibandua. Pale juu katikati alikuwa akiiweka yako, na bado pako wazi. Usiitie posta safari hii. Njooni nayo, wewe na Joel na watoto.

Utepe wa gundi ninao.

Baba yako