Godoro la Mama Limetoka Nje

Kilwa Kivinje,
Lindi.
9 Februari 2026

Mpendwa mdogo wangu Mastura,

Asalaam aleikum. Marahaba! Najua umeshaniamkia moyoni kabla hujaifungua bahasha, na kama hujaniamkia, ifunge uanze upya. U hali gani mdogo wangu? Magoti yamepoa? Na shemeji Abdulwahab, kifua chake kimezoeana na vumbi la Tabora au bado wanagombana? Sisi huku wazima, alhamdulillahi. Joto la kaskazi linatuchemsha, maji ya bomba yanatoka siku yanapopenda yenyewe, na embe zimekwisha.

Samahani kwa mwandiko. Usidhani barua kaandika mtoto wa chekechea. Nimeandika mimi mwenyewe kwa mkono wa kushoto, na leo ni siku ya pili niko juu ya karatasi hii. Ningeweza kukupigia simu, lakini kwenye simu wewe hukatiza, na safari hii nataka uninyamazie mpaka mwisho.

Tangu kile kiharusi kinipige mwaka juzi, mguu umerudi, ulimi umerudi (huo haukukaa hata wiki), ila mkono wa kulia ndio uliogoma. Unashika kikombe kitupu, kikijaa unakiachia. Basi kwa ajili ya mkono huo mmoja, mwanangu Abdulrazak akashikilia nihamie kwake Mbagala na nyumba hii ifungwe. Na wewe ulimuunga mkono, usikatae. Nilisikia mkiongea kwenye simu: "Mchukue, mchukue tu." Sikukasirika. Muongo mimi! Nilikasirika siku nne nzima.

Sina ubaya na Mbagala. Nilikaa kule miezi miwili nilipokuwa naugua, na mkwe wangu Nusaiba hakunipungukia kitu. Lakini nilikuwa kama sahani ya wageni, nafutwa, natazamwa, narudishwa kabatini. Hapa Kivinje ndipo Yahya wangu aliponijengea, na hapa ndipo alipozikwa. Hapa nikikohoa tu, mtaa mzima unajua ni Zuwena. Nikiondoka nyumba ikafungwa, Mastura, mimi sirudi tena humu ila kwa jeneza. Nilikuwa nalijua hilo na sikuwa na wa kumwambia.

Sasa sikiliza. Idd Kubwa iliyopita Abdulrazak alikuja, tukabishana mpaka chai ikapoa. Mwisho akacheka, akasema mbele ya wifi Adija: "Mama, siku nitakapokuta umelitoa godoro lako nje, umelianika, peke yako, mimi habari za Dar sitakugusia tena." Aliona kaniweza. Godoro lenyewe unalijua, lile la sufi alilotushonea marehemu mama nilipoolewa, futi tano kwa sita, linalobebwa na wanaume wawili huku wakilaaniana. Alisema mzaha. Mimi nikaupokea kama kiapo.

Wiki iliyopita akapiga simu kwamba Jumamosi anakuja na begi, Ramadhani nifungie kwake. Hakuuliza, aliarifu. Nikasema haya, baba, karibu. Adija akanitazama akadhani nimekubali, akaanza kulia kidogo na kukunja kanga zangu.

Adija huyu wifi yangu namshukuru, tangu niugue kahamia hapa kunitunza. Lakini alikuwa hajaniachia hata upawa. Nikisimama, "Kaa, wifi, kaa!" Nikishika fagio, ananinyang'anya na kunipa methali yake ileile, mkono mmoja hauchinji ng'ombe. Mungu naye ana yake: Jumatano akaitwa harusini Pande, kurudi Ijumaa. Nikamsukuma aende. Nilimwambia nimechoka, nitalala tu. Astaghfirullah, uongo wa Shaaban nao ni uongo, nimeshauombea toba.

Alhamisi nilipomaliza swala ya alfajiri nikafunga mlango wa mbele kwa komeo. Nyumba kimya. Unajua ni muda gani sijasikia nyumba yangu ikiwa kimya? Nikakaa kitandani nikalitazama godoro, nalo likanitazama. Lilikuwa halijafunguliwa Shaaban mbili, gumu kama sakafu.

Kulivuta sikuweza, nilikwisha jaribu mwezi uliopita Adija akiwa kisimani, nikaambulia kuanguka. Lakini nilipokuwa nasali sunna, na Mungu anisamehe kwa kuwaza godoro katika sala, nikamkumbuka mama. Mama alikuwa na mikono miwili na bado hakuwahi kulitoa godoro lake zima. Kila Shaaban alilifumulia chumbani, akatutuma sisi na sufi mafungu mafungu mpaka uani, ilipojaa hewa akaishindilia hukohuko na kushona. Wewe ulikuwa unakula makofi kwa kuipuliza. Na Abdulrazak hakusema nilitoe kwa safari ngapi!

Nikachukua wembe. Mfuko wa godoro nikaubana kwa magoti, nikakata uzi kwa mkono wa kushoto, mshono mmoja mmoja. Ushungi nikaufunga puani. Sufi nikaijaza kwenye viroba vya mchele, na sufi ukiitenga hivyo haina uzito hata kidogo. Nikabeba kiroba cha kwanza mpaka uani, nikarudi, cha pili, nikarudi. Haba na haba. Nilimjibu Adija kwa sauti ingawa hayupo: mimi sichinji ng'ombe, mama, nafumua godoro!

Kiroba cha sita ndicho kilichonitia aibu. Sikukifunga mdomo vizuri, na mlango wa uani ulikuwa wazi. Kaskazi ikaingia ghafla, ikaisomba sufi yote ikaipitisha juu ya ua. Upande wa pili anakaa jirani yangu Stefania, mwenyeji wa Kipatimu, mcha Mungu mno katika kanisa lake, na alikuwa kaanika suruali nyeusi ya mumewe Dismas, ile ya kwendea misa, mbichi inatiririka maji. Loo! Suruali ikaota mvi.

Nikasikia anapiga kelele, kisha anakuja kugonga mlango wa mbele. Akiingia nimekwisha, Mastura. Stefania ana moyo wa kusaidia kupita kiasi, angenipokonya viroba kabla hajanisalimu, na Abdulrazak angesema nimesaidiwa. Nikasimama nyuma ya mlango nikamwambia asiingie, sijavaa. Akauliza mbona kuna manyoya yanaruka. Nikamwambia nachinja kuku. Akauliza kuku wangapi. Nikalikaza komeo. Akaondoka ananung'unika, na mimi nikaziba mdomo kwa ushungi nikacheka mpaka mbavu zikauma.

Upepo ukanifunza. Katika banda la jiko kuna wavu wa dagaa wa marehemu Yahya, haujaguswa tangu afe, sikuwa na moyo. Siku hiyo nikaushusha. Nikamwaga sufi juu ya jamvi, wavu nikautandaza juu yake na mawe pembeni, jua likapita na sufi isiende popote. Nikasema Yahya, hata leo umekuja kunisaidia. Huyo sikuona kama atahesabiwa.

Sufi ikiota jua, mimi nikaivamia nyumba. Fagio la chelewa nililifunga kwenye mti nikaangusha utando wa buibui mpaka wa mwaka ule. Nikafagia chini ya kitanda, nikapiga deki kwa mguu, dekio chini ya wayo, naenda kama mcheza ngoma. Vyungu nikavisugua kwa majivu. Nilipofika dirishani kwenye kioo nikajiona, kichwa chote sufi, jasho, ushungi shingoni, nikasema huyu ndiye anayetaka kufungiwa begi? Thubutu!

Baada ya adhuhuri nikaichapa sufi kwa fimbo, polepole, ikavimba mpaka ikawa inatamanika kulaliwa. Kitanda cha kamba cha uani nilikwisha kukikokota mpaka chini ya banda, umande usifike. Nikatandaza mfuko juu yake, nikajaza. Kazi ya kujaza ilinitoa roho, pembe moja ikivimba nyingine inasinyaa, ila sikuwa na haraka na mtu.

Kisha kushona. Sindano ile ndefu ya mama, uzi wa katani, mkono wa kushoto. Nilijichoma mara sikumbuki ngapi. Nilifika katikati ya upande wa pili nikasimama kupumua, nikatazama chini. Kitambaa kilikuwa kimeshikwa. Mkono wa kushoto una sindano, basi nani kashika kitambaa? Ulikuwa mkono wangu wa kulia, Mastura. Vidole viwili na gumba vimebana pindo, na sikuviambia. Sijui vilianza saa ngapi. Nililia pale peke yangu kwa sauti, na hakukuwa na mtu wa kuniambia nikae.

Kabla ya magharibi nilikuwa nimefunga fundo la mwisho. Kulirudisha ndani sikuweza, wala sikujisumbua. Ahadi ilikuwa kutoa. Nikalala kwenye godoro la sponji la Adija, baya kweli lile, nikalala kama mfalme.

Ijumaa Adija akarudi na nazi za watu wa Pande. Alipolikuta godoro chini ya banda akapiga yowe, akadhani limeibwa likarudishwa. Nilipomwambia, hakuamini. Akasema kwa vyovyote Stefania yumo. Na Jumamosi saa sita Abdulrazak akaingia, begi kubwa la magurudumu linamfuata nyuma, tupu, linagonga kokoto. Nilikuwa nimekaa juu ya godoro langu, miguu inaning'inia, nakula embe la kopo. Utani huo, nilikuwa nakula muhogo.

Akauliza nani kanisaidia. Adija akamtaja Stefania. Jirani alikuwa anasikiliza, maana ua huu hauna siri, akaja mbiombio na suruali ya Dismas mkononi, bado ina mabaka meupe, akasema yeye asaidie nini na mimi nilimfukuza mlangoni kwa uongo wa kuku. Alivyokuwa amenuna, kadhi yeyote angeupokea ushahidi wake. Nikamwomba radhi palepale na kumwahidi mbaazi za nazi.

Lakini Abdulrazak alikuwa hasikilizi tena. Unajua yule ni fundi cherehani, na mshono wa kwanza kushika katika maisha yake ni wangu, hapa hapa uani, nikimgonga vidole kila alipolegeza uzi. Akapiga magoti kando ya kitanda. Upande mmoja wa godoro una mishono yangu ya zamani, midogo, imepangana. Akapitisha kidole juu yake mpaka alipokutana na ile mipya, inayokwenda kama kuku aliyenyeshewa. Akaifuata yote, mpaka fundo la mwisho, taratibu, hata mmoja hakuuruka. Hakuna mwingine duniani anayeshona vibaya namna ile, na alijua.

Akasema, "Mama, kazi kama hii ungenifumulisha yote." Nikamwambia fumua basi, tuone utalishona wewe. Akaweka kichwa chake juu ya godoro kama alipokuwa mdogo akinyimwa kwenda kuogelea, mabega yanamtikisika. Nikamwekea mkono kichwani. Wa kulia. Alipousikia akainua macho, na hakusema kitu tena habari za Dar, wala mimi sikumkumbusha kiapo chake. Mtu mzima haambiwi mara mbili.

Godoro alilirudisha ndani yeye na Dismas, wakilaaniana kama ilivyo desturi. Begi lake sikuliacha lirudi tupu, ingekuwa si adabu. Nimempakilia muhogo mkavu, choroko, korosho, nazi za Pande, na papa mkavu aliyefungwa karatasi nne ili Nusaiba asimfukuze mlangoni. Lilikuwa zito hata magurudumu yakakataa. Amelibeba kichwani mpaka stendi, na mimi nimesimama barazani kwangu, nampungia.

Basi wewe mshauri mkuu, unasemaje? Sikudai radhi. Nataka uje, Ramadhani ikikuwezesha, ama Idd, ulale juu ya godoro la mama usiku mmoja, ndipo tuzungumze nani wa kuchukuliwa na nani wa kuachwa. Na ukithubutu kuipuliza sufi bado makofi yapo.

Adija anakusalimu sana. Tangu juzi ananiachia upawa, ingawa anausimamia. Stefania na Dismas nao wanakusalimu japo hamjuani. Nisalimie shemeji Abdulwahab, mwambie kifua dawa yake asali na kitunguu, si sigara. Nisalimie mwanao Salma na wajukuu wote, kila mmoja kwa jina lake, usiwajumlishe.

Mwenyezi Mungu atufikishe Ramadhani tukiwa na afya, atupe nguvu ya kufunga na ya kufungua, na asituondoe majumbani mwetu ila kwa ridhaa yake na yetu.

Barua yote nimeiandika kwa mkono wa kushoto, kama nilivyokwambia. Ila jina hapa chini nimeuachia ule mwingine. Umechukua muda wa kuchemsha chai, na mwandiko umepinda, lakini usome vizuri, ndio wenyewe.

Akupendaye kwa mikono yote miwili,
dada yako,

Zuwena