Tanuru Namba Saba

2 Machi

Mwanangu,

Nyundo anaacha kuimba. Aliyesema ni meneja wake, jana Jumapili, redioni, taarifa ya saa nne asubuhi. Nimelitanguliza hilo kwa sababu nakujua, ungeruka salamu ulitafute. Sasa salamu. Mimi mzima, goti limetulia, paa halivuji. Wewe je? Kifua kimepoa? Hizo rangi mnazopaka huko unafunga pua, au bado unajifanya chuma?

Habari kamili ni hii. Onyesho la mwisho ni Jumamosi tarehe 27 Juni, hapa kwetu, uwanja wa mpira. Chama cha mashabiki kinataka kila mtu azipange albamu zake saba, kuanzia bora hadi mbovu, na aseme kwa nini. Mwisho wa kupokea ni tarehe 30 Aprili. Itakayoongoza, Nyundo ataiimba yote, wimbo wa kwanza hadi wa mwisho. Nyingine zitapata wimbo mmojammoja.

Kwa hiyo safari hii hatubishani kujifurahisha. Nimenunua upya zote saba, lile toleo jipya wanalosema limesafishwa, maana kaseti zangu zimechoka. Nitasikiliza moja kila nikitoka kazini. Nawe niletee orodha yako.

Usipige simu. Simu za siku hizi watu wananong'ona tu. Andika.

Kiwandani ni yaleyale, magogo na vumbi. Msumeno mkubwa bado ni wangu.

Shangazi yako


19 Machi

Shangazi, shikamoo.

Barua imefika na unga wa mbao ndani. Nilipiga chafya kabla sijasoma jina. Kifua kimepoa, na barakoa navaa, angalau msimamizi akiwepo. Chakula nakula. Nimeshaomba likizo ya Juni na mkubwa amekubali kwa mdomo, bado kuandika.

Habari ya Nyundo niliisoma kwa sauti hapa chumbani. Yule fundi vigae ninayekaa naye akauliza, "Kumbe huyo mzee bado anaimba?" Nikamwambia mzee ni baba yake. Tukanuniana mpaka chai. Halafu akaja mwenyewe na karatasi, amezipanga zote saba. Kumbe miaka miwili nakaa na shabiki, anaona haya kusema!

Orodha yangu: Kutu ni ya kwanza, kwa sababu haina wimbo wa kuruka. Inafuata Tanuru. Kisha Nyufa, Majivu Mabichi, Ngazi. Zege ni ya sita. Ya mwisho ni Mkono wa Kushoto, na hapo fundi vigae nami tumeelewana kwa mara ya kwanza: ile waliirekodi ndani ya pipa.

Yako sina haja ya kuingoja. Tanuru kwanza, nyingine zigombanie zilizobaki. Nakumbuka nikiwa na miaka tisa, nimelala kwenye godoro chini ya redio yako, ukaniamsha nisikie ile filimbi ya mwanzo, nyembamba kama uzi, kabla magitaa hayajaingia. Ukasema ukiikosa hiyo filimbi basi albamu nzima umeikosa. Na Zege uliiita mashine ya kukoroga saruji iliyopewa kipaza sauti. Bado nacheka.

Andika unithibitishie nilivyosema.

Mwanao


4 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Mimi sijambo, ila nimechukia, na nitakueleza. Mwambie fundi vigae asalimiwe, na kwamba kuona haya kwa ajili ya Nyundo ni ujinga.

Hujabahatisha. Yangu ni hii: Zege, Mkono wa Kushoto, Ngazi, Kutu, Majivu Mabichi, Nyufa. Tanuru ni ya saba.

Usirushe karatasi. Nimesikiliza mara tatu. Hao waliosafisha hilo toleo wamesafisha mpaka nyama. Filimbi wameiondoa. Unaweka, unangoja, kimya, halafu magitaa yanakuvamia kama polisi. Na Nyundo mwenyewe, pale anapopandisha sauti mpaka mishipa ya shingo inatoka, wamempunguza, anasikika kama yuko chumba cha pili na mlango umefungwa. Nyufa nayo vilevile. Zege hawakuigusa. Ngoma zake zinaingia mpaka kwenye mbavu. Nilikuwa naionea.

Orodha nitaipeleka mwisho wa mwezi, pamoja na malalamiko ya ukurasa mzima.

Kazini kulikuwa na kashkash. Gogo lilikuja na msumari ndani, msumeno ukaukuta, jino moja likaruka likajikita ukutani nyuma ya Kijiko. Unamkumbuka Kijiko, yule anayepokea mbao upande wa pili wa meza yangu. Yeye ndiye aliyezima. Eti msumeno ulilia muda mrefu kabla na mimi naendelea kusukuma. Nikamwambia mimi nilikuwa nausikiliza huo msumeno kabla yeye hajaota meno. Hakuumia mtu.

Leta likizo kwa maandishi, siyo kwa mdomo.

Shangazi yako


15 Aprili

Shangazi, shikamoo.

Natumai hujambo. Mimi mzima, na likizo imeandikwa na kugongwa muhuri. Naomba umalize ukurasa huu kabla ya kunikasirikia.

Nimenunua toleo hilohilo la Tanuru. Filimbi ipo. Sikuyaamini masikio yangu, nikamwita fundi vigae, sikumwambia anasikiliza nini. Akafika mlangoni akasema, "Punguza bwana, hiyo filimbi inanikwaruza meno." Ipo, na ni kali kuliko ya kaseti. Nyundo naye anapandisha kama zamani. Hajafungiwa chumba chochote.

Nimeirudia orodha yako. Tatu za juu ni zile ambazo mtu anazisikia kwa kifua, ngoma na besi. Za chini zote ni za sauti nyembamba. Ulivyozipanga ndivyo unavyozisikia, Shangazi. Albamu hazijabadilika.

Halafu msumari. Wewe ndiye uliyenifundisha kwamba msumeno ukigusa chuma unalia kwa sauti nyembamba kwanza, na anayewahi kuusikia ndiye anayebaki na vidole. Sikuwahi kujua umekosa mlio huo hata mara moja. Na watu kwenye simu hawanong'oni.

Fanya jambo moja tu. Msumeno ukiwa umezimwa, mpe Kijiko mgongo, abonyeze kengele ya onyo. Ukiisikia, niite mpumbavu, nitakuja Juni nikiwa mpumbavu, nitakununulia hata fulana ya Zege. Usipoisikia, usirudi kwenye ile meza. Naogopa kwa ajili ya mkono wako, na kwa ajili ya Kijiko.

Mwanao


20 Mei

Shangazi, shikamoo.

Naandika tena bila kujibiwa. Jirani yako ameniambia kwa simu kwamba u mzima, unatoka asubuhi na kurudi jioni, na kwamba redio haisikiki tena ukutani kwake. Alilisema hilo kwa furaha. Mimi sikufurahi.

Matokeo yametoka. Katibu wa chama cha mashabiki ametangaza juzi: Tanuru ya kwanza, Kutu ya pili, Zege ya tano. Nyundo ataiimba Tanuru yote. Najua hukuitaka, na najua safari hii unanuna si kwa sababu hiyo.

Kama nimekosea, niambie nimekosea. Kama sikukosea, niambie pia. Tiketi mbili ninazo. Sijajua kama nije.

Mwanao


2 Juni

Mwanangu,

Marahaba, zote mbili. Mimi mzima na mikono yangu yote miwili, naandika kwa wa kulia. Natumai kifua bado kimepoa.

Barua yako ya Aprili niliisoma, nikaikunja, nikaitia chini ya mguu wa meza unaoyumba. Kwa siku chache ilifanya kazi nzuri hapo. Kisha Jumatatu, tarehe 27 Aprili, wakati wa chakula, nilimwambia Kijiko abonyeze kengele. Nikampa mgongo, nikatazama rundo la mbao. Nikangoja. Nikamwambia, "Bonyeza basi, unangoja nini?" Akasema, "Mama, nimeshabonyeza mara tatu."

Nikamwuliza kwa nini hakunisemesha siku zote. Akasema tangu mwaka jana amekuwa akisikiliza kwa ajili yetu wawili, mkono mmoja kwenye mbao, mwingine karibu na swichi. Akasema alidhani najua. Nilimtukana, kisha nikamgawia chakula changu, nikaenda kwa msimamizi mwenyewe kabla kengele ya kurudi kazini haijalia. Hiyo nayo, kumbe, siisikii, nilikuwa nafuata watu tu.

Msumeno sina tena. Wamempa Kijiko. Mimi wamenipeleka ghalani, napanga mbao kuanzia bora hadi mbovu. Usicheke. Nimecheka mwenyewe inatosha.

Sikukujibu kwa sababu ya hasira, na hasira ilipokwisha aibu ikaingia zamu. Hilo limepita.

Orodha niliyokuletea sikuipeleka kwa chama. Usiku wa tarehe 29 niliandika nyingine bila kusikiliza chochote, kama ninavyozijua. Tanuru ya kwanza. Zege ya saba. Ni mashine ya kukoroga saruji, sijabadilisha neno. Kwa hiyo usiniambie sikuitaka. Kura yangu imo.

Hospitali nimekwenda. Mpima masikio amesema sauti nyembamba zimeondoka na hazitarudi zenyewe, nene zipo. Nilimwambia hilo mwanangu alishalijua kutoka kwenye orodha ya muziki, akaniandika kama mtu anayeanza kuchanganyikiwa. Vifaa vya masikio vitakuwa tayari Alhamisi tarehe 18, saa tatu asubuhi. Nilimwuliza kuhusu filimbi. Hakuahidi kitu, na nilimpenda kwa hilo.

Uje. Filimbi ikianza, nigonge begani. Ikiisha, nigonge tena. Hapo katikati sihitaji msaada, naijua.

Panda basi la asubuhi, Ijumaa tarehe 26. Nitakuwa ghalani mpaka saa kumi. Ufunguo uko kwa jirani, na ukifika usigonge mlango, ingia.

Shangazi yako