Nyuki Mmoja Tu

Pendo, nilikuwa nachuja asali wakamleta kaka Antipasi. Nyuki mmoja tu. Mmoja! Midomo imevimba, pumzi inakatika.

Nikasema apakiwe kwenye pikipiki, hospitali. Baba mdogo akanijibu, “Nyuki hawamtaki mwenye ugomvi nyumbani. Atubu kwanza.”

Atubu, Pendo! Koo linaziba, wao wamemkalisha chini.

Kaka akanitazama, akasema kwa shida, “Nilimpiga mke wangu.” Hajawahi kumgusa. Ndipo wakampakia.

Daktari kamchoma sindano, sasa anapumua. Kasema ni mzio, wangechelewa kidogo tungezika.

Baba mdogo anatamba kwamba toba ndiyo imemponya. Na wifi anaulizwa na majirani alipigwa lini.

Asali nimeifunika. Nitamalizia kesho.